Gari la umeme tupu au haibridi ya kuchaji: kwa njia za Kigoma lipi linafaa?

Msikilizaji wetu wa Gungu, mstaafu wa serikali, ametuletea swali ambalo wengine pia wamekuwa wakiuliza kwa ujumbe mfupi. Anataka kununua gari. Kazi yake kubwa itakuwa mizunguko ya kila siku kati ya Gungu, Mwanga, Ujiji na Mwandiga, kubeba abiria wa kukodi na wagonjwa wanaokwenda Maweni, na mara mbili au tatu kwa mwezi kufika Kasulu. Kwenye simu ameona magari mawili yaliyotumika Japani. La kwanza ni Nissan Leaf, linaloendeshwa kwa umeme tupu. La pili ni Mitsubishi Outlander PHEV, lenye betri ya kuchaji pamoja na injini ya petroli. Fedha anayo ya mara moja tu, mkupuo wa pensheni. Akikosea hana pengine pa kukimbilia.

Tumeamua kumjibu kwa maandishi, kwa sababu hesabu zake hazikai vizuri hewani. Nawe unayesoma unaweza kuweka namba zako mahali pa zake.

Kwanza tuelewane kuhusu majina, maana hapa ndipo wauzaji wengi wanapowachanganya watu. Toyota Prius ya kawaida, Aqua na Noah zinazoandikwa "hybrid" hazichomekwi popote. Zina betri ndogo inayojazwa na injini na kwa nguvu inayopatikana gari linapofunga breki. Nishati yote inatoka kwenye petroli, ila inatumika kwa ubahili. Haibridi ya kuchaji ni kitu kingine: ina betri kubwa zaidi, ina tundu la kuchomeka waya, na inaweza kwenda kilomita kadhaa bila injini kuwaka. Betri ikiisha, injini inashika kazi. Gari la umeme tupu halina injini, halina tenki, halina bomba la moshi. Betri ikiisha, umeishia hapo.

Ukubwa wa betri za magari hupimwa kwa kilowati-saa. Usitishwe na neno hilo. Kilowati-saa moja ni uniti moja ile ile unayoinunua kwenye LUKU. Leaf za mwanzo, za kuanzia mwishoni mwa 2010, zilikuwa na betri ya uniti 24. Baadaye ikaja ya 30, na mwaka 2017 ikatoka ya 40. Outlander PHEV, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 2013, ilikuwa na betri ya uniti 12, ikaongezwa hadi 13.8 kwenye toleo la 2018. Ukiambiwa "gari linajaa kwa uniti 40", unajua mara moja ni umeme wa kiasi gani katika nyumba yako.

Mkoa wetu una sababu ya pekee ya kulijadili jambo hili sasa kuliko miaka iliyopita. Kwa muda mrefu Kigoma ilikuwa nje ya Gridi ya Taifa, na umeme wa mjini ulitoka kwenye mashine za dizeli za TANESCO. Mtu ambaye angeleta gari la umeme Gungu miaka hiyo angekuwa anaendesha kwa dizeli bila kujua, tofauti ni kwamba dizeli yenyewe ingechomwa mbali na gari lake. Mambo yalianza kubadilika Oktoba 2022, Rais Samia Suluhu Hassan alipokuja mkoani na majenereta yakaanza kuzimwa. Tangu hapo Bwawa la Julius Nyerere limekamilika, mitambo tisa yenye jumla ya megawati 2,115. Umeme nchini umeongezeka. Kukatika bado kupo, na hilo tutalirudia.

Upande wa petroli nao kila mmoja wetu anaujua. Bei kikomo hutangazwa na EWURA kila mwezi, na kwa kuwa mafuta yanashushwa bandarini pwani na kusafirishwa zaidi ya kilomita elfu moja, Kigoma hulipa zaidi ya Dar es Salaam. Mwaka 2023, kuanzia Julai, mafuta yaliadimika mikoa mingi, foleni zikawa ndefu vituoni. Na jirani zetu wa Burundi wamekuwa na uhaba mkali kwa miaka kadhaa, kiasi kwamba madumu kuvuka mpaka kuelekea kwao si habari mpya kwa watu wa Manyovu.

Sasa hesabu ya kila siku.

Tuseme msikilizaji wetu anazunguka kilomita 40 kwa siku, siku 25 kwa mwezi. Petroli tuiweke shilingi 3,100 kwa lita. Bei ya mwezi huu unaweza kuiangalia kwa kupiga *152*00# na kufuata maelekezo, kisha ubadilishe namba yetu. Umeme tuuweke shilingi 356 kwa uniti, yaani ile 292 ya mteja wa kawaida pamoja na VAT na tozo.

Gari la kawaida la petroli linalokwenda kilomita 12 kwa lita litakunywa lita 3.3 hivi kwa siku, shilingi 10,300. Leaf kwenye barabara zetu tuikadirie uniti 18 kwa kilomita 100. Kilomita 40 ni uniti 7.2, na kwa kuwa umeme kidogo hupotea wakati wa kuchaji, mita yako itasoma kama uniti 8. Hizo ni shilingi 2,850. Outlander yenye betri iliyozeeka kidogo itakwenda kilomita 30 kwa umeme, kwa uniti 9 hivi za mita, shilingi 3,200. Kilomita 10 zilizobaki zitatumia petroli ya shilingi 2,600. Jumla shilingi 5,800.

Kwa mwezi inakuwa hivi: petroli tupu kama 257,000, haibridi ya kuchaji 145,000, umeme tupu 71,000. Kati ya Leaf na Outlander kuna tofauti ya shilingi 74,000 kila mwezi, karibu laki tisa kwa mwaka. Mwenye pensheni haioni hiyo kuwa ndogo. Ongeza kwamba gari la umeme tupu halibadilishwi oili ya injini, halina plagi wala mkanda wa injini, na hata breki zake huchelewa kwisha kwa sababu mota yenyewe hulipunguza mwendo gari na kurudisha umeme kwenye betri. Outlander bado ina injini, kwa hiyo sevisi zote za injini zinabaki pale pale, pamoja na mambo ya betri juu yake.

Lakini kuna mtego kwenye LUKU ambao hatujaona muuzaji yeyote akiutaja. Nyumba nyingi za wasikilizaji wetu ziko kwenye kundi la matumizi madogo, lile la uniti zisizozidi 75 kwa mwezi, ambako uniti ni shilingi 100 kabla ya kodi na tozo. Gari linalokula uniti 8 kwa siku linahitaji uniti 200 kwa mwezi. Ukizidisha 75, zile za ziada zinatozwa shilingi 350 kabla ya kodi, na ukiendelea kuzidisha utahamishiwa kundi la kawaida. Maana yake hata taa, redio na friji, ulizokuwa unazilipia kwa bei ya chini, sasa utazilipia kwa bei ya gari. Nyumba iliyokuwa inatumia uniti 60 kwa shilingi 7,000 na ushee itazilipia zaidi ya 21,000. Hilo halilifanyi gari la umeme kuwa ghali kuliko petroli, ila usije ukashangaa mwezi wa pili.

Hadi hapa umeme tupu unaongoza. Shida inaanza mtu akigeuza uso kuelekea Kasulu.

Kigoma mjini hadi Kasulu ni karibu kilomita 90, na lami imesaidia sana. Ila ziwa letu liko mita 773 juu ya usawa wa bahari, na Kasulu iko juu ya ziwa kwa mamia ya mita. Kupanda kunakula umeme. Gari la tani moja na nusu likipanda mita 500 linahitaji uniti mbili na kidogo kwa ajili ya kupanda tu, mbali na zile za mwendo. Wakati wa kurudi, mteremko hurejesha sehemu ya umeme huo, lakini si wote.

Chukua Leaf ya uniti 24 iliyobaki na asilimia 70 ya uwezo wake, na hizo ndizo za bei rahisi zinazojaa mitandaoni. Ina uniti 17 hivi. Kwenye tambarare ingefika kilomita 93 ikiwa imekauka kabisa. Kasulu haifiki kwa usalama, achilia mbali kurudi. Leaf ya uniti 40 iliyobaki na asilimia 85 ina uniti 34. Itafika Kasulu ikiwa imetumia kama 18 na nusu, imebaki na 15 na nusu, na safari ya kurudi inataka karibu hizo hizo zote. Hakuna dereva mwenye akili anayerudi na mgonjwa kwenye hesabu ya namna hiyo. Ukiwa na mwenyeji Kasulu mwenye soketi nzuri, saa tatu za kuchaji zitakupa uniti sita hivi, na safari inawezekana. Umeme ukikatika saa hizo, unalala Kasulu.

Tena kuna safari moja ambayo wanunuzi hawaihesabu: ile ya kulileta gari lenyewe. Kutoka bandari ya Dar es Salaam hadi hapa ni zaidi ya kilomita 1,200. Outlander unajaza mafuta, unakabidhi kwa dereva, inakuja. Leaf haiwezi kuja hivyo bila kulala njiani mara nyingi ikitafuta soketi. Itabidi ipandishwe kwenye lori la kubebea magari, na gharama hiyo uiulize kabla ya kulipa Japani. Siku ikiharibika kitu ambacho fundi wa hapa hakiwezi, itarudi Dar es Salaam kwa njia ile ile, juu ya lori.

Ndiyo maana Outlander ina mashabiki katika mikoa ya mbali. Kwa Kasulu, kwenda na kurudi kilomita 180, itatumia umeme kilomita 30 za mwanzo na petroli zilizobaki: lita 11 au 12, jumla kama shilingi 39,000. Si bei ya umeme, ila unarudi nyumbani. Mataa yakizimika Kigoma nzima, gari linaendelea na kazi. Pia liko juu kidogo kuliko Leaf na huvuta magurudumu yote manne, jambo ambalo mtu anayeingia njia za Mahembe au Kalinzi wakati wa masika atalielewa bila kuelezwa.

Lakini haibridi ya kuchaji ina ugonjwa wake, nao unatokana na sisi watumiaji. Mtu analinunua, wiki mbili za mwanzo anachaji kila usiku, kisha anachoka na waya na kuanza kupita kituo cha mafuta kama zamani. Hapo anabaki kubeba betri nzito bure. Huu si uvivu wa Waafrika. Mwaka 2024 Tume ya Ulaya ilitoa takwimu za magari halisi ya barabarani, ikaonekana haibridi za kuchaji zinatoa hewa ya ukaa wastani wa mara tatu na nusu ya kiwango kilichoandikwa kwenye vyeti vyake, sababu mojawapo ikiwa ni kwamba hazichajiwi kama ilivyotarajiwa. Kama nyumbani huna mahali pa kulaza gari karibu na soketi, usinunue haibridi ya kuchaji. Chukua haibridi ya kawaida, au petroli ndogo isiyo na makuu.

Kuna na kinyume chake. Anayechaji kila siku na kuzunguka mjini tu anaweza kukaa miezi bila injini kuwaka, petroli ikachakaa ndani ya tenki. Outlander imepangwa kuwasha injini yenyewe baada ya muda ili kuzuia hilo. Ikianza kuunguruma bila sababu, usikimbilie gereji.

Sasa betri. Wavuvi wa dagaa wa Kibirizi na Katonga wanaweza kutufundisha sote hapa. Waliacha karabai, wakahamia taa za betri, na wamejifunza kwa fedha zao kwamba betri haifi siku moja. Inapungua. Mwaka wa kwanza taa inakesha, baadaye inafifia kabla ya alfajiri. Betri ya gari ni ya aina nyingine lakini tabia ni hiyo: uwezo unapungua mwaka hadi mwaka, na joto linaharakisha. Leaf haina mfumo wa kupooza betri kwa maji, inategemea hewa tu, kwa hiyo joto la kando ya ziwa litaisumbua kuliko lilivyoisumbua kule ilikotoka. Ukiwa nayo, iegeshe chini ya kivuli, mwembe au mchikichi utatosha, na usiiache imejaa pomoni ikiota jua mchana kutwa.

Kabla ya kulipa, mwambie muuzaji akupe picha ya dashibodi ikiwa imewashwa. Upande wa kulia wa kipimo cha betri ya Leaf kuna vipande vidogo 12 vinavyoonyesha afya ya betri, tofauti na vile vinavyoonyesha chaji ya siku hiyo. Kipande cha kwanza hupotea betri ikishapungua kama asilimia 15. Gari lenye vipande 8 au 9 ni la kuzunguka mtaani tu, bei iwe tamu namna gani. Kwa Outlander za uniti 12, omba karatasi ya kipimo cha betri kwa Ah. Ikiwa mpya ilikuwa 38 hadi 40. Ukionyeshwa 28, zaidi ya robo imekwenda. Muuzaji anayesema hawezi kutoa kipimo, mwache. Magari ni mengi.

Kwa nini tunasisitiza? Kwa sababu betri ya Leaf ikichoka, gari lote limechoka. Betri ya Outlander ikichoka, umebaki na gari la petroli zito kidogo, lakini linatembea. Kwa mtu mwenye mkupuo mmoja hiyo ni tofauti kubwa kuliko zile 74,000 za kila mwezi.

Nyumbani pia kuna la kufanya. Soketi ya kawaida ya volti 230 ikitoa ampea 10 inakupa kama uniti mbili na robo kwa saa. Uniti 8 za siku zinaingia kwa saa tatu na nusu, usiku umelala. Kujaza Leaf ya uniti 40 iliyokauka kutachukua karibu saa 20. Hizo ni saa nyingi za mkondo mkubwa kupita kwenye waya mmoja. Soketi iliyolegea itaungua, na ekstensheni ya dukani iliyokunjwa chini ya kiti itawaka moto. Mwite fundi umeme mwenye leseni avute waya wake mnene kutoka kwenye swichi kuu, aweke kikata-umeme chake na ethi ya kweli ardhini. Waya wa kuchajia uliokuja na gari umetengenezwa kwa umeme wa Japani, wa volti 100 au 200. Mwulize fundi kabla ya kuuchomeka kwenye 230, na uangalie umbo la kichwa chake, kwani magari ya Japani, ya Ulaya na ya China hayatumii kichwa kimoja.

Walioko vijijini mwisho wa laini wanajua jioni taa zinavyokuwa nyekundu. Hapo chaji itakuwa ya kusuasua, heri usiku wa manane. Wenye nyumba za UMETA, kile kibao cha soketi moja na taa chache, wasijaribu kabisa. Na wanaotuuliza kuhusu sola: paneli ya wati 100 kwa siku nzuri inatoa karibu uniti 0.4. Kwa uniti 8 unahitaji paneli kama 20 za namna hiyo, gari liwe limeegeshwa mchana jua likiwepo, au uwe na betri nyingine ya kuhifadhi. Inawezekana kwa taasisi. Kwa mtu mmoja bado ni mzigo.

Neno moja kwa mafundi wa gereji zetu, maana magari haya yatafika kwenu mkipenda msipende. Waya nene za rangi ya chungwa chini ya gari na ndani ya boneti zina volti 300 na zaidi. Hizo zinaua. Msikate, msichomelee karibu nazo, msiziguse bila mafunzo hata kama gari limezimwa. Kusimamishwa, matairi, bearing na breki fanyeni kama kawaida.

Kuhusu kodi tutasema machache, kwa sababu viwango hubadilika kila Julai baada ya Bunge kupitisha Sheria ya Fedha. Tovuti ya TRA ina kikokotoo cha magari yaliyotumika. Weka aina, mwaka na injini, utaona jumla. Angalia mambo mawili. Gari lililozidi miaka minane linaongezewa ushuru wa uchakavu, na Leaf nyingi za bei rahisi zimeshapita hapo. Halafu ushuru wa bidhaa hupanda injini inapozidi cc 2,000, na Outlander za zamani zina injini iliyo chini kidogo ya hapo, wakati zile za kuanzia 2018 zina ya 2,400.

Nchi nyingine za ukanda wetu zimechagua njia tofauti. Ethiopia ilizuia kuingiza magari binafsi ya petroli na dizeli mwaka 2024. Rwanda iliondoa kodi kadhaa kwa magari ya umeme mwaka 2021, na Kigali kuna pikipiki ambazo dereva habaki kusubiri chaji, anabadilisha betri na kuondoka. Uganda ndiyo yenye kisa kinacholingana na swali letu: vijana wa Makerere walitengeneza Kiira EV ya umeme tupu mwaka 2011, kisha mwaka 2014 wakatoa Kiira EV Smack ambayo ni haibridi, na baadaye kampuni iliyotokana na mradi huo ikarudi kwenye umeme tupu, safari hii kwa mabasi. Hata waundaji wenyewe wamekuwa wakihama huku na kule. Sisi Kigoma tulishawahi kuona badiliko la aina hii: Liemba iliingia ziwani ikiendeshwa kwa mvuke, na miaka ya 1970 ikafungwa injini za dizeli, meli ikiwa ile ile. Na chombo kikubwa cha umeme kitakachotufikia huenda kisiwe gari bali treni, kwani SGR ya umeme inafanya kazi Dar es Salaam hadi Dodoma tangu 2024 na kipande cha Tabora hadi Kigoma kilishasainiwa mkataba.

Turudi kwa mstaafu wetu. Kama angekuwa anazunguka Gungu, Mwanga na Ujiji tu, ana nyumba yake yenye waya mzuri, na nyumbani kuna gari au pikipiki nyingine ya safari, tungemwambia achukue Leaf, ya uniti 40 na yenye vipande visivyopungua 11. Lakini ana gari moja, ana wagonjwa, ana Kasulu, na hana fedha ya pili. Kwa hali hiyo sisi tungechukua Outlander, ile yenye injini isiyozidi cc 2,000, betri iliyopimwa, na tungeichaji kila usiku bila kukosa. Asipopata yenye kipimo kizuri cha betri, atunze fedha yake asubiri. Magari ya umeme yanazidi kushuka bei, na mkupuo hauozi benki.

Wa bodaboda na bajaji, maswali yenu tumeyapokea. Hesabu zenu ni nyingine kabisa, kwa sababu betri ndogo, uzito mdogo na kazi ya kutwa nzima hubadilisha kila kitu. Tuandikieni mnatembea kilomita ngapi kwa siku na mnatumia petroli ya shilingi ngapi, tuzipige kwa namba zenu wenyewe.